Kompyuta Nne, Intaneti Moja: Jinsi ya Kucheza Gemu Bila Kutoana Nje

Swali ni lilelile kila mara, inabadilika nyumba tu. Kaka na wadogo zake wana kompyuta tatu au nne, intaneti ni moja, na kila wakiingia kucheza pamoja mambo yanaharibika. Mmoja anaganda, mwingine anatolewa nje, wa tatu haoni chumba walichofungua wenzake. Na wengi wenu mnauliza mkiwa tayari na jibu mfukoni: tuongeze kifurushi?

Jibu langu: bado. Mara nyingi kifurushi hakina kosa. Kosa liko kwenye waifai, au kwenye foleni inayojijenga ndani ya ruta, au kwenye namna nyumba nzima inavyoonekana huko nje kama mtu mmoja. Ukiongeza kifurushi kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo, utalipa zaidi kila mwezi na gemu itaganda vilevile.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za Windows, lakini mengi yanafaa pia kwa PlayStation na Xbox, na kwa wenye vibanda vya gemu.

Gemu yenyewe inakula kidogo

Gemu nyingi za mtandaoni, iwe Counter-Strike, Dota 2 au Fortnite, hutumia chini ya Mbps 1 kwa mchezaji mmoja. Kwa saa nzima ni kama MB 50 hadi 300, kutegemea gemu na kama mnaongea kwa maiki. Wachezaji wanne kwa pamoja hawafikii hata video moja ya Full HD (1080p), ambayo Netflix huipendekezea Mbps 5.

Kwa hiyo nyumba inayopata Mbps 10 za kweli ina intaneti ya kuwatosha wachezaji wanne, mradi hakuna kingine kinachoendelea. Na hicho kingine ndicho kinachowaumiza:

- apdeti ya gemu inayojishusha yenyewe nyuma ya pazia;
- simu zinazopeleka picha na video Google Photos au iCloud mara tu zinapokamata waifai ya nyumbani;
- kamera za ulinzi zinazorusha video kwenda nje usiku na mchana;
- televisheni ya sebuleni, ambayo hakuna anayethubutu kuizima wakati wa tamthilia.

"Lakini nikipima kasi naona Mbps 40, mbona bado naganda?" Kwa sababu kipimo cha kasi kinahesabu wingi wa data kwa sekunde. Gemu inajali kitu kingine: kila pakiti ndogo inachukua milisekunde ngapi kwenda kwenye seva na kurudi, na kama muda huo umetulia au unarukaruka. Muda huo ndio pingi. Pingi ya 90 iliyotulia inachezeka vizuri kuliko pingi inayoruka kati ya 30 na 300.

Pima kabla hujafungua pochi

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Fungua madirisha mawili ya namna hiyo. La kwanza liandikie:

ping -t 192.168.1.1

Hiyo ni anwani ya ruta katika nyumba nyingi. Kama yako ni tofauti, andika ipconfig utaiona mbele ya maneno "Default Gateway". Dirisha la pili liandikie:

ping -t 8.8.8.8

Hiyo ni seva ya Google, nje ya nyumba yako. Acha madirisha yote mawili yakimbie huku mkicheza kama kawaida, jioni, wakati nyumba imejaa. Kusimamisha ni Ctrl+C. Kisha soma hivi:

- Dirisha la kwanza linarukaruka, 3, 4, 90, 6, 210, au linaandika "Request timed out". Tatizo ni waifai au waya wako. Usimpigie mtu simu.
- La kwanza limetulia kwenye 1 hadi 5, la pili linapanda kutoka 40 hadi 400 kila mtu anapoanza kupakia video. Hiyo ni foleni, na dawa yake iko mikononi mwako.
- La kwanza limetulia, la pili linayumba hata vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Hapo ndipo kampuni ya intaneti inapohusika.
- Yote mawili yametulia ila gemu moja tu inasumbua. Angalia poti, ambazo tutazifikia mbele, au chunguza seva ya gemu hiyo iko wapi.

Msiruke hatua hii. Nimeona watu wakinunua ruta ya bei mbaya kutibu tatizo la waya uliokuwa umekanyagwa na mguu wa kitanda.

Waya kwanza

Kompyuta ya mezani haihami. Ipe waya. Waifai ni hewa moja inayogawanywa kwa zamu: kompyuta nne, simu sita na televisheni havisemi kwa pamoja, kila kimoja kinasubiri chenzake kimalize. Hapo bado hujaweka majirani watano wenye ruta zao kwenye masafa yaleyale.

Mnachohitaji ni swichi ya matundu matano au manane, ile ya kawaida isiyo na mipangilio yoyote, na waya wa Cat5e au Cat6. Cat5e inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, kwa hiyo nyumba ya kawaida haina haja ya zaidi. Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utauziwa kwa mita. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Ni mwepesi, unakatika ukikunjwa, na unadhoofisha mawimbi kwenye umbali mrefu. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini.

Mkibana vichwa wenyewe, fuateni mpangilio huu kuanzia kushoto, kichwa kikiwa kimelala na kile kiulimi cha plastiki kikiangalia chini:

1. nyeupe yenye chungwa
2. chungwa
3. nyeupe yenye kijani
4. bluu
5. nyeupe yenye bluu
6. kijani
7. nyeupe yenye kahawia
8. kahawia

Pande zote mbili ziwe sawa. Fundi wa haraka hupanga kijani na kijani, bluu na bluu, kwa sababu inapendeza macho. Waya wa namna hiyo unaweza kuwaka taa na bado ukapoteza pakiti, kwa kuwa jozi zilizosokotwa pamoja zimetenganishwa. Baada ya kuchomeka, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows uangalie kasi ya kiungo. Ukiona 100 badala ya 1000, na swichi, ruta na kompyuta zote ni za gigabiti, huenda kuna uzi haujagusa.

Na onyo moja: usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ileile. Hutokea mtu akisafisha chumba, anaona waya unaning'inia, anaurudisha "mahali pake". Mtandao wa nyumba nzima unakufa papo hapo na hakuna taa itakayokuambia sababu.

Kama waya haupiti kabisa, labda nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki tundu ukutani, basi:

- tumieni masafa ya 5 GHz, na muyape jina lake tofauti ili kompyuta zisirudi kwenye 2.4 kimyakimya;
- mkilazimika kukaa kwenye 2.4, chagueni chaneli 1, 6 au 11 tu, ile ambayo majirani hawajaijaza;
- itoeni ruta nyuma ya televisheni na juu ya friji, iwekeni wazi na juu;
- viepukeni vile vikuzaji vya waifai vya kuchomeka kwenye soketi. Vinaongeza vijiti kwenye skrini, lakini vingi vinapokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi inakatwa karibu nusu na pingi inaongezeka.

Foleni: mwizi asiyeonekana

Katika nyumba nyingi tatizo nalikuta hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kasi ya kupakia, yaani kutuma kwenda nje, mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, hasa kwa wanaotumia ruta za laini ya simu. Mtu mmoja akianza kutuma video ya harusi ya GB 2, ruta inapokea data hiyo kutoka kwenye simu kwa kasi kubwa na inaitoa nje kwa kasi ndogo. Inayobaki inapangwa kwenye foleni ndani ya ruta. Pakiti ya gemu yako, ndogo kabisa, inafika na kukaa mwisho wa foleni hiyo. Umebonyeza kufyatua, taarifa inafika kwenye seva nusu sekunde baadaye. Kwenye skrini yako ulimwona adui, kwenye seva ulishakufa.

Dawa kamili ni ruta inayojua kupanga foleni kwa haki. Tafuta neno SQM, au majina CAKE na fq_codel, kwenye mipangilio yake. Ruta nyingi zinazokubali kuwekewa mfumo wa OpenWrt zinaweza kuipata. Hatua ni hizi:

1. Pima kasi mara tatu jioni, ukitumia waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa.
2. Chukua kipimo cha chini kabisa, cha kupakua na cha kupakia.
3. Iwekee SQM asilimia 85 hadi 90 ya namba hizo.
4. Anza kupakia faili kubwa na uangalie tena dirisha la ping. Kama bado inapanda, shusha kidogo.

"Yaani nijipunguzie kasi niliyoilipia?" Ndiyo. Unatoa asilimia kumi hadi kumi na tano ili foleni ijengeke mahali unapoweza kuisimamia. Hakuna mtu nyumbani atakayeona tofauti kwenye YouTube, ila wachezaji wataiona usiku huohuo.

Wenye laini za 4G na 5G, kwenu kuna ugumu: kasi inapanda na kushuka kulingana na mnara na watu walioko juu yake, kwa hiyo hakuna namba moja inayofaa siku nzima. Pangeni kwa kipimo cha saa mbili usiku, si cha saa nne asubuhi.

Kama ruta yenu ni ile ya bure kutoka kwa kampuni na haina SQM, fanyeni yanayowezekana:

- kwenye simu zote, pangeni picha zipakiwe wakati wa kuchaji au usiku wa manane kama programu inaruhusu, au zimeni upakiaji huo kabisa;
- kamera za ulinzi zihifadhi kwenye kadi ya ndani, zitume nje pale tu zinapoona mtu;
- kwenye ruta tafuteni sehemu ya kuwekea kila kifaa kikomo, mara nyingi huitwa "QoS" au "Bandwidth Control", muweke kikomo kwenye kupakia kwa televisheni, kamera na simu.

Zile QoS zinazojisifu kwa jina la gemu na taa nyekundu juu ya boksi, usiziamini mpaka umezipima. Nyingine zinapanga vipaumbele vizuri lakini zinaacha foleni ileile.

Apdeti: mmoja ashushe, wengine wanakili

Piga hesabu. Gemu ya GB 100 kwenye laini ya Mbps 20 inachukua saa kumi na moja kushuka. Kompyuta nne zikishusha kila moja peke yake, ni zaidi ya saa arobaini za laini kujaa, na wenye kifurushi chenye kikomo cha matumizi ya haki watakuwa wameshashushiwa kasi kabla ya Ijumaa.

Tangu 2023, Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba. Kompyuta zote ziwe na Steam iliyofunguliwa, ziwe kwenye mtandao mmoja, na kwenye mipangilio ya upakuaji uruhusu kuhamisha kwa wengine, maana bila kibali hicho haitahamisha kwa akaunti nyingine. Kwa waya wa gigabiti GB 100 zinahama kwa nusu saa hivi kama diski ni nzuri. Kwa waifai ni zaidi, lakini hata hivyo hutumii kifurushi.

Apdeti za Windows zenyewe nazo zinaweza kugawana: tafuta "Delivery Optimization" na uruhusu kompyuta za mtandao wa ndani tu. Usiruhusu zile za intaneti nzima, la sivyo kompyuta yako itawapakia watu wasiokujua.

Mwisho, kwenye Steam weka saa za kushusha apdeti, tuseme saa nane usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Kama kompyuta inazimwa usiku kwa sababu ya umeme, weka kikomo cha kasi badala ya saa.

Mmoja anaingia, mwingine anatolewa

Sasa lile tatizo la pili nililolitaja mwanzoni, la kutolewa nje. Kwa nje, nyumba yenu ina anwani moja tu. Ni kama shule ya bweni yenye sanduku moja la posta: barua zote zinafika pale, na mtu wa ofisini anajua ipi ni ya nani kwa sababu kila mwanafunzi aliandika jina lake alipotuma ya kwanza. Ruta ndiyo mtu huyo wa ofisini, na kazi hiyo inaitwa NAT.

Gemu nyingi za kisasa hazina shida na hilo. Kompyuta ndiyo inayoanza kuitafuta seva, ruta inakumbuka, majibu yanarudi. Hata kumi wakicheza Dota 2 nyumba moja, sawa. Tabu inakuja kwa gemu ambazo wachezaji wanaunganishwa wao kwa wao, au zinazong'ang'ania poti moja maalumu. Poti ni namba ya mlango ambayo gemu inatumia. Huduma za Xbox, kwa mfano, hupendelea 3074. Kompyuta mbili zikiitaka ileile, moja inapewa, nyingine inaandikiwa NAT "Strict" na kuanza kunyimwa vyumba.

Jaribu kwa mpangilio huu:

1. Washa UPnP kwenye ruta, kisha uzime ruta na uiwashe, halafu fungua gemu moja baada ya nyingine. UPnP inaziacha gemu ziombe poti zenyewe, na gemu nzuri ikikuta moja imechukuliwa inaomba nyingine.
2. Kama kuna mtu alishawahi kufungua poti hizo kwa mkono, futa alichoandika. Mkono na UPnP vikigombania namba moja, hakuna anayeshinda.
3. Angalia kama gemu inakuruhusu kubadili poti. Warcraft III ya mwaka 2002 hutumia 6112; nyumba yenye wachezaji watatu humpa mmoja 6112, wa pili 6113, wa tatu 6114, na kila namba inaelekezwa kwa kompyuta yake.
4. Ukielekeza poti kwa mkono, kwanza ifungie kila kompyuta anwani yake ya ndani kwenye ruta. Bila hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi, anwani zinabadilishana na poti inaelekea kwenye televisheni.

Kosa ninaloliona zaidi: mtu anasoma mahali kwamba poti 3074 ifunguliwe, anaielekeza kwa kompyuta zote mbili. Haiwezekani. Namba moja ya nje inaelekea kwa kifaa kimoja.

Na kosa la hatari: kuiweka kompyuta kwenye DMZ "ili mambo yaishe". DMZ inaitoa kompyuta hiyo uchi mbele ya dunia nzima. Ukishaiweka, ni ya kompyuta moja tu, kwa hiyo hata tatizo la wachezaji wawili hujalitatua. UPnP nayo ina hatari yake, kwa kuwa programu chafu inaweza kuitumia kufungua milango, lakini kwa nyumba inayocheza gemu naona inavumilika, mradi nenosiri la ruta si lile la kiwandani lililoandikwa kwenye stika.

Umefungua poti na bado hakuna kitu?

Basi huenda hauko peke yako nyuma ya anwani yako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya upande wa nje, huandikwa "WAN IP". Kisha tafuta Google "what is my IP". Linganisha.

Zikifanana, sawa, endelea kutafuta kosa kwingine.

Zikitofautiana, na ile ya ruta inaanza na 192.168, una ruta mbili zilizopangana: kifaa cha kampuni na ruta uliyonunua mwenyewe. Omba kifaa cha kampuni kiwekwe hali ya "bridge", au iweke ruta yako hali ya "Access Point" ibaki kugawa waifai tu.

Ile ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, kuna uwezekano mkubwa kwamba kampuni yenyewe imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mpango huo unaitwa CGNAT, na ndio kawaida kwa laini za simu na kwa vifurushi vya nyumbani vya Starlink. Hapo kufungua poti kwenye ruta yako ni kujichosha. Una njia tatu: omba anwani ya umma, ambayo kampuni nyingi huiuza kwa nyongeza, fungua chumba chako kwenye seva za kukodi, au waunganishe rafiki zako kwa Tailscale au ZeroTier, ambazo zinawaweka wote kana kwamba mko nyumba moja.

Mkicheza wenyewe ndani ya nyumba

Hapa intaneti haihitajiki sana, na bado watu wanashindwa kuonana. Sababu karibu zote ni hizi:

- Windows iliuliza kama gemu iruhusiwe kupita kwenye ukuta wa ulinzi, mkabonyeza "Cancel". Rudini kwenye mipangilio ya Windows Firewall muiruhusu.
- Mtandao umewekwa "Public". Ubadilisheni uwe "Private", nyumbani tu, si hotelini.
- Mmoja yuko kwenye waifai ya wageni. Waifai hiyo imetengenezwa makusudi ili vifaa visionane.

Minecraft inastahili neno lake, maana ndiyo inayoulizwa zaidi na wazazi. Mtoto ameweka seva kwenye kompyuta yake, poti 25565 imefunguliwa, rafiki walioko Arusha wanaingia vizuri, lakini dada yake chumba cha pili haingii. Kwa sababu dada amepewa anwani ya nje, na ruta nyingi hazijui kugeuza njia ya mtu aliyeko ndani anayetafuta mlango wa nje wa nyumba yake mwenyewe. Dada aandike anwani ya ndani, mfano 192.168.1.20. Wa Arusha waendelee na ya nje. Na ile namba ya nje isibandikwe hadharani kwenye makundi ya watu msiowajua. Wape marafiki tu.

Umbali hauna dawa

Data kwenye nyuzi za kioo inasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia zinagharimu milisekunde moja, kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni zaidi ya kilomita 2,400 kwa mstari ulionyooka, na kebo za baharini hazinyooki. Frankfurt ni karibu mara tatu ya hapo. Hakuna ruta, kubadili DNS wala programu ya "kuongeza kasi ya gemu" itakayoufupisha umbali huo. Programu hizo husaidia pale tu njia ya kawaida inapozunguka ovyo, mfano data ya kwenda Afrika Kusini ikipitia Ulaya. Kwenye dirisha la cmd andika tracert na anwani ya seva uone kama ndivyo kabla ya kulipia.

Unachoweza kufanya ni kuchagua kanda, pale gemu inapokuruhusu. Dota 2 na Counter-Strike zina seva Afrika Kusini na Dubai. Pimeni zote mbili. Na wote wanne mchague kanda moja. Nimeona kundi linalalamikia mtandao wakati mmoja wao alikuwa ameachwa kwenye kanda ya Ulaya tangu alipofungua akaunti.

Kuna siku kosa haliko kwenu kabisa. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, fungueni Minecraft ya ndani.

Akaunti na nakala

Laini moja ya intaneti haimaanishi nakala moja ya gemu. Familia ya Steam inagawana maktaba, lakini nakala moja inachezwa na mtu mmoja kwa wakati. Wawili wakitaka kuingia pamoja kwenye gemu ileile, nakala ziwe mbili. Na jambo ambalo wazazi hawaambiwi: mdogo akifungiwa kwa kutumia programu za udanganyifu kwenye gemu ya kaka yake, kaka mwenye nakala naye anafungiwa kwenye gemu hiyo.

Umeme

Kompyuta mpakato zina betri, ruta haina. Nunueni kile kibetri kidogo cha ruta, cha volti 9 na 12, na mhakikishe kinawasha pia kile kifaa cha faiba ukutani. Soma volti nyuma ya adapta kabla ya kuchomeka. Ukiipa ruta ya volti 9 umeme wa 12 unaweza kuiunguza.

Ukilazimika kuipigia kampuni simu

Kama vipimo vyote vimeonyesha kosa liko kwao, usiwaambie "gemu inaganda". Watakujibu kwamba intaneti inafanya kazi, na hawatakuwa waongo. Andaa hivi:

- picha za skrini za madirisha mawili ya ping, kompyuta ikiwa kwenye waya na vifaa vingine vimezimwa, saa ikionekana pembeni;
- vipimo vya jioni tatu tofauti, pamoja na kimoja cha asubuhi kwa kulinganisha;
- tokeo la tracert kwenda kwenye seva ya gemu;
- ombi lililo wazi: anwani ya umma, au kifaa kiwekwe "bridge", au fundi aje kupima mwanga kwenye waya wa faiba.

Wakikuambia uzime ruta uiwashe, zima na uwashe, upige picha nyingine, uwatumie, na uombe namba ya malalamiko kabla ya kukata simu.